Kamera Ikae Wapi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Mtu akinichekea kabla sijamwambia la kuchekesha, nasogeza mkoba wangu karibu. Kwa hiyo Lukmani alipoingia kibandani kwangu pale soko la Kibondo, miwani ya jua kichwani na mawingu yametanda, akasema, "Dada, nimeambiwa wewe ndiye fundi hasa," niliacha kukanyaga cherehani nikamtazama kuanzia viatu.

Alikuwa ametoka Dar es Salaam. Akajieleza kwamba yeye ni mwongozaji, na kwamba wanatengeneza tamthilia ya televisheni kutokana na riwaya ya mwandishi wa huku huku Kigoma. Walitaka fundi wa kushona nguo za watu wa kambini, za wakati ule kambi ya Mtabila inafungwa na watu wanarudi Burundi. Mwandishi mwenyewe, akasema, ni Mwalimu Ildefonsi wa Nyakitonto, Kasulu.

"Huyo ni baba yangu mdogo," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema, akacheka tena.

Kitabu nilikijua. Ninacho kabatini, baba mdogo ameniandikia jina langu ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake wa ubaoni, na sijawahi kuvuka ukurasa wa tatu. Sikuwa peke yangu. Alikiandika alipostaafu ualimu, kikachapwa, padri akakisifu kanisani, watu wakampa hongera, na kila mmoja akaenda kukiweka mahali pa usalama. Kitabu kisichosomwa hakigombanishi watu. Lakini tamthilia, loo, hiyo inaingia mpaka jikoni. Nikajiuliza baba mdogo amepatwa na nini hata akubali mambo yake yaoneshwe nchi nzima, na kwa nini hakuniambia mwenyewe.

Jioni nikamweleza mama. Tunakaa wawili, mimi na yeye, nyumba ya kupanga nyuma ya soko. Alikuwa anamenya mihogo. Kisu kikasimama.

"Kazi hiyo usiifanye," akasema.

"Kwa nini?"

"Watu wa picha ni waongo."

Sasa hebu nisikilize. Mama yangu, Niyubahwe, kila jioni anavuka ua kwenda kwa jirani yetu Asia, mwenye duka la kanga, kutazama tamthilia za Kituruki. Anarudi macho mekundu, ananisimulia nani kamwacha nani, kama vile ni shangazi zetu. Leo ndiyo watu wa picha wamekuwa waongo? Machale yakanicheza. Nikamuuliza kama tatizo ni baba mdogo, akasema hapana, akamenya mhogo ule ule mpaka ukabaki kama kalamu.

Niseme tulivyo, ili tuelewane. Mama alizaliwa na wakimbizi wa Burundi. Mume wake wa kwanza alikuwa Mrundi mwenzake, wakamzaa dada yangu Goreth, mume akafa. Kisha akaolewa na baba yangu, Muha wa Nyakitonto, kaka yake Mwalimu Ildefonsi, nikazaliwa mimi. Baba naye akafariki ningali mdogo. Goreth alikuwa ameshaolewa kambini Mtabila. Kambi ilipofungwa, mimi nikiwa na miaka saba, yeye akapanda gari na wakwe zake akaenda zake Burundi, na hakuja kutuaga. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Hajapiga simu, hajatuma salamu, hatujui kama yu hai.

Goreth ndiye aliyekuwa ananisuka. Nilimngoja miaka, kisha nikachoka, nikamkasirikia, na hasira hiyo nimeitunza vizuri kuliko vitu vingi nilivyonavyo. Mtu akiniuliza kama nina ndugu nilikuwa nasema sina.

Kazi nikaichukua. Mama hakunisemesha siku nzima.

Kitu kingine kilichokuwa kinanisumbua ni hiki: mama na baba mdogo walikuwa hawasalimiani. Hawakuwa wamegombana, hakuna shamba lililogombewa, hakuna neno lililotoka. Ila baba mdogo akija Kibondo ananiona mimi sokoni, ananiuliza hali ya mama, anarudi Nyakitonto bila kufika nyumbani. Na mama akisikia jina lake anatafuta kitu cha kufagia. Watu wazima wawili wanakwepana hivyo bila ugomvi, mimi nilishaanza kufikiria mambo ambayo mtoto hafikirii juu ya mama yake.

Tulipokuwa bado Kibondo tukipima nguo na waigizaji, sikuona baya. Kisha tukahamia Nyakitonto, kwenye nyumba ya zamani ya baba mdogo, ile ya udongo tuliyokaa nikiwa mdogo, na aliyoiacha alipojenga ya matofali. Nikawa nalala kwa binamu zangu. Siku ya kwanza tu mama akanipigia kwa simu ya Asia. Akauliza nimekula nini, kuna baridi, nimebeba sweta. Halafu akashusha sauti.

"Wameshafika pale mlangoni?"

"Mlango gani?"

"Basi tu nauliza," akasema. "Mtandao mbaya huu." Akakata.

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Mama hajui kusoma. Kitabu hakijui, skripti hajaiona, mimi mwenyewe nilikuwa sijui hadithi inakwendaje zaidi ya nguo za nani zimechanika wapi. Nikamfuata Abdalah, mpiga picha, kijana mpole wa Tanga ambaye muda wote anafuta lenzi, nikamuuliza kama kuna mlango wowote kwenye hii hadithi yao.

"Mlango ndiyo sini kubwa," akasema. "Kuna binti anaitwa Beata. Siku ya magari kuondoka anatoroka kambini, anakuja kwenye nyumba moja kijijini, mvua inanyesha. Anaomba kufunguliwa. Nyumba inanyamaza. Anageuka anaondoka. Kitabu kinaishia hapo hapo, sista, utalia."

Sikulia. Nilibaki nimeshika chaki yangu ya fundi, nikijiuliza mama amejuaje.

Kesho yake asubuhi wakaifanyia mazoezi sini hiyo. Muigizaji wa Beata, msichana wa Dar es Salaam, akaja mpaka mlangoni, akagonga kwa ngumi, akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Baba mdogo alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda, koti lake la ualimu begani. Akainua mkono kama anayezuia darasa.

"Huku hatugongi," akasema. "Unasimama uani. Unainama, unapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa. Unasalimu, unasema Mwakeye. Halafu unangoja."

"Nangoja nini?" msichana akauliza.

"Uitikiwe. Mwenye nyumba akikuitikia ameshakupokea. Hawezi tena kukuacha nje, hata uwe na shida gani. Asiyetaka kukupokea ananyamaza."

Ni kweli, kwetu ndivyo tulivyolelewa. Deni ambalo hutaki kulipa unalijibu kwa kikohozi, lakini salamu ukishaijibu, basi. Lukmani akafurahi sana, akasema hicho ndicho kitu, hicho huwezi kukipata Dar es Salaam. Msichana akainama akapiga makofi.

"Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia," baba mdogo akasema, "kikunje. Hakinyooki."

Nilikuwa nimepiga magoti nikishikiza pindo la sketi ya huyo msichana, sindano mdomoni. Goreth aliungua uji wa moto akiwa mdogo, kidole cha mwisho kikajikunja kikabaki hivyo. Akinisuka, ukucha wa kidole hicho ulikuwa unanikwaruza nyuma ya sikio. Hata leo naweza kukuonesha ni wapi.

Nikatoa sindano mdomoni, nikaichomeka kwenye nguo, nikasimama karibu.

Lukmani akauliza kamera ikae wapi. Yeye alitaka ikae nje, imtazame Beata usoni, mvua imchuruzike. Baba mdogo akakataa. Akainuka, magoti yakimlia, akaingia ndani ya ile nyumba, na sisi tukamfuata. Akaenda moja kwa moja kwenye kidirisha cha chini karibu na meko, akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Ikae hapa," akasema. "Ukiwa hapa uso wake huuoni. Ukingo wa paa unaukata. Unaona kuanzia shingoni kushuka chini. Mikono unaiona. Mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna, umejaa tope. Sketi imegandia magotini."

Abdalah akachutama kando yake, akaangalia kwa jicho moja. Akasema kweli, uso hauonekani. Kisha akasema, "Lakini mzee, kwenye kitabu hukuandika hivi. Kwenye kitabu tuko naye nje."

"Kwenye kitabu hakuna aliyeniuliza nilikuwa nimekaa wapi," baba mdogo akasema.

Wote wakalichukua kama maneno ya waandishi. Lukmani hata akaitoa simu akayarekodi. Mimi nilimwangalia mzee yule, mgongo wake ulivyokaa kwenye ukuta bila kutafuta pa kukaa, nikajua kwamba hakubuni. Alikuwemo. Dada yangu alisimama pale nje, na huyu alikuwa ndani anamtazama.

"Na humu ndani nani mwingine?" Lukmani akauliza. "Mtazamaji lazima aone watu. Hawezi kutazama nyumba tupu inayonyamaza."

Baba mdogo akageukia meko. "Weka mwanamke," akasema. "Ameketi hapo, karibu na moto. Amepakata mtoto mgonjwa."

Ndipo Lukmani akaleta la kwake. Wenye fedha za tamthilia, akasema, hawataki mlango ubaki umefungwa. Wanataka yule mwanamke ainuke, afungue, wakumbatiane, muziki uingie. Mtu alie, lakini alie kwa furaha, ili kesho arudi. Baba mdogo akamwambia akiufungua mlango huo atafute na jina lingine, asiseme ni kitabu chake. Wakabishana mpaka sauti zikapanda, Lukmani akasema wapumzike, Jumatatu wakirudi wawe wamekubaliana.

Nilimkuta baba mdogo nyuma ya nyumba, kwenye kahawa zake, anang'oa majani ambayo hayakuhitaji kung'olewa. Heshima yote niliyofundishwa ilinitoka.

"Ulimfanya nini dada yangu?"

"Sikumfanya kitu, mwanangu," akasema. "Hilo ndilo nililoandika. Sikumfanya kitu."

"Huyo mwanamke aliyepakata mtoto ni nani?"

Akaninyooshea mkono kama anataka kunigusa kichwa, akaurudisha. "Ulikuwa na homa kali sana," akasema. "Kamuulize mama yako. Mimi niliahidi kutosema, nikaandika, nikadhani kuandika si kusema. Hawa watu wamekuja na kamera yao, wananiuliza nani alikaa wapi, na mimi siwezi kusema uongo nikiwa ndani ya nyumba ile."

Jumamosi nikapanda gari la Kibondo. Njia nzima nilikuwa natafuta namna nyingine ya kulipanga jambo hili ili mama asiwemo, na kila nikilipanga, anakuwemo. Nililala naye chumba kimoja usiku huo bila kumuuliza. Niliogopa. Nasema kama ilivyokuwa: niliogopa kwamba akisha kunijibu sitaweza tena kumwita mama.

Jumapili tuliporudi kanisani akaweka sufuria motoni uani, akakaa. Nikakaa mbele yake, nikamwambia wameshafika mlangoni.

Hakujifanya haelewi. Akaweka mwiko chini.

"Ildefonsi amesema?"

"Hakusema. Amekaa tu pale alipokuwa amekaa."

Akatazama moto. Kisha akasema yote, kwa sauti ile ile anayoniambia chumvi imekwisha. Baada ya baba kufa, shemeji yake alimpokea pale Nyakitonto, watu wakamjua kama mjane wa kwao, hakuna aliyemuuliza alikotoka. Siku ile ya magari, Goreth akamtoroka mumewe akaja. Mama alimsikia tangu akiwa barabarani, anamjua mwendo wake. "Shemeji alishafungua mdomo kuitikia," akasema. "Mimi nikamshika mkono. Niliona, nikimwitikia huyu, nimempokea, na wakwe zake wako nyuma yake wanamtafuta. Watakuja. Wataniona na mimi, watasema na huyu ni Mrundi wa kwetu, mtoeni. Wewe ungebaki na nani? Ulikuwa umelegea, hata maji ukinyweshwa yalikuwa yanakutoka puani. Nilikuwa na watoto wawili na mkono mmoja, mwana wanje, mwanangu. Mwingine ulikuwa mdomoni mwako usilie."

"Hakujua kama mko ndani."

"Nilikuwa nakupikia uji," mama akasema. "Moshi ulikuwa unatoka."

Nikautazama moshi wa moto wetu.

"Alijua," akasema. "Alipiga makofi, akangoja. Akapiga tena. Hakuniita. Angeniita mama ningefungua, na yeye hakuniita. Akaenda."

Nilimchukia mama yangu. Sitalipamba hilo. Nilimchukia kwa ajili ya Goreth, na nilimchukia zaidi kwa ajili yangu, kwa vile alivyoniacha nimnunie miaka yote mtu aliyekuja kunitafuta kwenye mvua na kandambili moja. Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu nilichokuwa nacho, na nina mdomo, watu wa sokoni wanajua. Yeye akasikiliza. Sufuria ikachemka mpaka ikazimisha moto, hakuna aliyeigusa.

Nilipoishiwa maneno nikamweleza la Lukmani, sijui kwa nini, labda nilitaka kumuumiza. Nikamwambia wenye fedha wanataka yule mwanamke ainuke afungue mlango.

Uso wake ukabadilika. Sijawahi kumwona mama akitamani kitu namna ile.

"Waambie wafungue," akasema. "Nadine, nakuomba. Hiyo ni picha tu. Waambie wafungue, aingie, akae motoni."

Kidogo nikubali. Ningesema ndiyo, Lukmani angefurahi, wenye fedha wangefurahi, Asia angelia na kanga mdomoni. Na mama angekaa pale kwa Asia kila ikirudiwa, anajiona anafungua.

"Na Goreth akiiona?" nikamuuliza.

Hilo hakuwa amelifikiria. Niliona wazi hakuwa amelifikiria.

"Hivi vitu siku hizi vinaonekana kwenye simu," nikamwambia. "Huko Burundi, Makamba wataona, Rutana wataona. Kama yu hai, mtu atamwonesha, atamwambia tazama, ni Kasulu hii, ni kama kwenu. Yeye alikuwa nje, mama. Anajua mlango haukufunguliwa. Akikuona unafungua unamkumbatia, atajua kitu kimoja tu, kwamba mpaka leo tunadanganya. Kitu asichokijua ni cha ndani. Hajui nilikuwa mapajani. Hajui mkono wako ulikuwa wapi."

"Atanichukia."

"Pengine anakuchukia tayari. Anakuchukia bila kujua kwa nini hukufungua."

Akainuka, akaondoa ile sufuria, akaisugua kwa majivu ilhali chakula bado kimo, akagundua, akaiweka chini. Nilikaa tayari, nikimwangalia kwa pembe ya jicho. Kwa jinsi nilivyokuwa siku ile, angesema anakwenda chooni nisingemwamini.

"Kwenye kitabu wanamwitaje?" akauliza.

"Beata."

"Hatajua ni yeye. Akina Beata ni wengi." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Waambie wamwite Goreth. Na kidole wakioneshe."

"Mama, watu wote watajua. Kibondo hii hii. Asia atajua, kwaya itajua, utapita sokoni watakutazama."

"Najua."

"Unasema leo. Kesho utanikana, utasema Nadine alitunga."

Nilikuwa bado namshuku, nifanyeje, ndivyo nilivyo, na alikuwa amenipa sababu. Sikutaka kuwa mimi wa kupeleka neno lile. Nikampigia Lukmani, nikaweka sauti ya nje, nikamshikisha mama simu. Akaishika kwa mikono miwili, mbali na uso, anavyoshika mtu asiyezoea.

"Haloo," Lukmani akasema. "Nani mwenzangu?"

Mama akanitazama. Ng'ambo ya ua Asia alikuwa anaanika kanga zake kwenye kamba.

"Mimi ndiye mwanamke wa mle ndani," mama akasema. "Naitwa Mama Goreth."

"Mama nani? Sikusikii vizuri."

"Mama Goreth," akarudia kwa sauti ya juu, na Asia akageuka, kanga mkononi, kututazama.